Tulipomzika Baba Yako Adhuhuri

Mwanangu Rukia,

Sina haja ya kukuuliza hali, maana kicheko chako nakisikia kutoka hapa nilipokaa. Uko kwa Mama Halima unasukwa nywele, na kwa jinsi mnavyopiga soga, hamtamaliza kabla ya magharibi. Mimi nimefunga kazi mapema, nimekaa kwenye kiti cha wateja na daftari la vipimo magotini, naandika kwenye kurasa za nyuma ambazo hazijatumika. Mambo ya safari yako ya chuo nimekwisha kuyasema mpaka umeanza kunijibu kwa kuguna, kwa hiyo hayo sirudii. Kuna jambo moja nimeshindwa kukwambia kwa mdomo kwa miaka kumi na tatu, na basi la Mombasa linaondoka kesho asubuhi. Nilijaribu juzi, nilijaribu jana tukipanga sanduku. Kila nikifungua kinywa natoa habari ya shuka na sabuni.

Nitaanza mbali kidogo, univumilie. Unajua mama yako hawezi kufika sokoni bila kupitia nyumba tatu.

Nilikuja Machakos nikiwa na umri kama wako, bibi harusi kutoka Mombasa. Baba yako alikuwa Mkamba wa Mwala, wa ukoo wa Wakatoliki tangu babu zake, akaenda kutafuta kazi bandarini na huko akasilimu. Musyoka akawa Yusufu. Wengine walisema alisilimu kwa ajili yangu, lakini alianza kuswali mwaka mzima kabla hajaniona, na hilo nataka ulijue. Aliswali safu moja na kaka zangu miaka minne, na bado walimwita "yule mbara". Mjomba wako Salim, huyo huyo unayekwenda kukaa kwake, alikuwa akimwambia mbele ya wageni, "Shemeji, Kiswahili chako chaniumiza meno." Watu walicheka, na baba yako alicheka nao. Usiku mmoja aliniambia amechoka kucheka. Tukafunga mizigo tukaja kwao.

Hapa zamu ikawa yangu. Kwao baba yako nikaitwa Mwarabu, mimi niliye mweusi kuliko cherehani hii. Waislamu wa mji huu walikuwa nyumba chache tu kuuzunguka msikiti, wengine wa asili ya Pwani, wengine Wakamba waliosilimu, na kila mmoja na yake. Huko juu na huko chini kulikuwa makanisa na mashamba na watu waliojuana tangu wakiwa tumboni. Sikuwa na dada, sikuwa na shangazi, sikuwa hata na mtu wa kugombana naye. Nililia sana mwaka ule, na baridi ya Julai ya hapa ilinikuta na kanga mbili.

Pale bombani wanawake walikuwa wakizungumza Kikamba na kucheka, nami nilijua hakika wananisema. Nilibeba ndoo yangu kwa kiburi, shingo juu, sisalimii mtu. Basi nikaanza kujifunza Kikamba kwa siri ili siku moja niwajibu. Nilijifunza kwa baba yako, kwa wateja, kwa redio. Ilipofika siku ya kuelewa vizuri, nikasikiliza kwa makini, kumbe wanazungumza habari ya mbuzi aliyekula kitabu cha mwalimu. Mwaka mzima nilikuwa nimewachukia bure. Nikikumbuka nacheka, na nikimaliza kucheka naona aibu.

Nakusimulia haya kwa sababu kesho kutwa utakuwa kule, na yatakukuta yale ya baba yako. Utakuwa Mwislamu mwenye jina zuri, na bado watakusikiliza unavyotamka maneno. Ule mwaka wa vurugu za Pwani, watu wa bara walipofungasha virago, tulikuwa na wageni waliolala hapa dukani juu ya vitambaa, unakumbuka. Siku hizi ni shwari, lakini maneno hayajaisha. Mke wa mjomba wako atakupima kwa mikate ya mofa na kwa namna unavyokaa jamvini. Utatamani kuwaonyesha kwamba wewe ni wao kabisa, kuliko wao wenyewe. Mimi nilitamani hivyo hapa, ila kinyume chake: nilitaka kuwaonyesha watu wa Machakos kwamba mimi si wao na sihitaji kuwa wao. Hamu hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye jambo ninalotaka kukwambia.

Bibi yako, Susu kama ulivyokuwa ukimwita, hakunipokea vibaya. Nataka niliandike hilo kwa herufi kubwa. Mara ya kwanza nilipofika Mwala, alikuwa amemfunga jogoo miguu tangu asubuhi, akakataza katakata mtu yeyote asimguse. Tulipoingia tu alimwambia baba yako, "Kuja uchinje na maneno yako, ndio huyu bibi yako akule." Majirani wa kanisani walikuwa wamesimama pale wakitazama. Yeye hakujali. Kila tulipokwenda ilikuwa hivyo hivyo, kuku anangoja kisu cha baba yako, na watoto wa shemeji zangu wanangoja kuku.

Ulipozaliwa wewe, binti wa kwanza, desturi yao ilikuwa upewe jina lake. Baba yako alikuandikisha Rukia kwa ajili yangu na akakuita Kalondu kwa ajili ya mama yake, na nyumbani uliitikia yote mawili. Susu alikuwa akikushika mikono akijiita mwenyewe, "Kalondu, umekula? Kalondu, umelala?" na anacheka peke yake. Mimi sikucheka. Nilimwogopa, Rukia. Hakunifanyia kosa lolote, lakini alikuwa na kilima kizima cha watu, mimi nina mtu mmoja tu, na huyo mmoja yeye ndiye aliyemzaa.

Baba yako aliugua wiki tatu. Alifariki hospitalini kabla ya alfajiri, nikiwa nimeshika mguu wake kwa sababu mikono ilikuwa na sindano. Saa kumi na mbili nilikuwa nimesimama hapa mlangoni pa duka, sijui hata nilifikaje. Mbele yangu akapita Mwende, yule mama wa mboga anayetoka Mwala kila asubuhi na kurudi huko. Alikuwa akishusha mzigo wake. Alikuwa mtu wa kumtuma, na magari ya Mwala yalikuwa yamesimama hapo hapo. Nilimtazama mpaka akamaliza kupanga sukuma wiki zake. Sikumwita.

Nilimtuma saa nne.

Nilikuwa na sababu, na nilijiambia ni ya dini. Kwetu maiti haicheleweshwi. Lakini mwalimu wa madrasa, yule mzee Mkamba aliyesilimu zamani, alikuja kuniona akavua kofia akaniambia polepole, "Mama Rukia, si lazima iwe adhuhuri. Tunaweza kungoja alasiri, hata kesho asubuhi. Mama mzazi aone uso wa kijana yake." Nikamjibu kwa ukali, tena nikamtajia dini, yeye aliyeisoma kabla sijazaliwa. Akavaa kofia yake akatoka. Mjane akisema, nani atabishana naye siku hiyo?

Ukweli ni kwamba mwaka uliotangulia kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyesilimu, akafa, na ndugu zake wakaja kumdai akazikwe shambani kwao kwa padri. Wakaenda mpaka kortini, na yule maiti akakaa mochari wiki na wiki huku pande mbili zikivutana. Nilikuwa nikilala naota hilo. Niliona kilima kizima kinashuka kutoka Mwala kumchukua Yusufu wangu, wanamweka chini ya msalaba kati ya baba zake, nami narudi mjini mikono mitupu, mgeni asiye hata na kaburi. Mtu wa kuja anahitaji mtu wake mmoja alale karibu, la sivyo yuko njiani tu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Sikumwuliza mama yake anataka nini. Nilimhukumu kama nilivyowahukumu wale wa bombani, kabla sijaelewa neno.

Basi tulimzika adhuhuri. Nasema tulimzika, lakini unajua sisi wanawake hatuendi makaburini. Waliondoka na jeneza, nikabaki ndani na kaniki yangu, naanza eda.

Wewe ulikuwa kwa Mama Halima, una miaka sita, kwa hiyo hukuona kilichofuata. Saa kumi na moja jioni lilisimama pikapu hapo nje. Walishuka watu kumi na wawili, akina mama wa kanisa na vitambaa vyao vya kichwani, shemeji yangu Mutua, na Susu wako mbele yao. Hawakuja na jembe. Hawakuja na padri. Walikuja na wali na ndengu kwenye sufuria kubwa iliyokuwa bado na karatasi ya dukani kwenye mfuniko, mpya kabisa, isiyowahi kuingia nyama yoyote. Walikuwa wamepika haraka ili watu wa msiba wa Kiislamu wale bila wasiwasi. Aliwaza hilo mwanamke aliyeambiwa saa sita mchana kwamba mwanawe amekufa.

Aliingia, akanisalimu, akaketi mkekani. Kisha akasema, "Sikuja kumuchukua. Nataka tu nimuone uso, halafu muendelee na mambo yenu."

Nikamwambia tumeshamzika.

"Mumemuzika? Bila mimi?" Akageuka kwa Mutua kana kwamba amesikia vibaya, na Mutua akainamisha kichwa. Akarudi kwangu. "Mimi ndio nilimuzaa. Nyinyi mulikuwa mnaharakisha kwenda wapi?"

Hakupiga kelele. Alimwomba Mutua ampeleke makaburini, nami sikumkataza wala sikumpa mtu wa kumwongoza. Walirudi jua likiwa linazama. Alisimama hapo mlangoni na vumbi miguuni, akaniuliza, "Makaburi mapya iko tatu. Yake ni gani?"

Wiki ile walikuwa wamezikwa watu watatu. Wanaume wote walikuwa wamekwenda msikitini, na mimi, Rukia, mimi niliyempora mtoto wake ili alale karibu nami, sikujua. Sikuwa nimefika. Nikamwambia, "Sijui, mama." Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia ndani ya nyumba hii.

Sufuria waliiacha. Majirani walikula wote na wakasifu ndengu.

Siku ya tatu uliniuliza kama Susu alikuja kumzika baba. Nilikuwa na nafasi ya kukujibu neno moja tu, na lilikuwa rahisi. Nikakwambia alikataa kuja. Nikakwambia alikataa kwa kuwa sisi ni Waislamu. Ulikuwa mtoto, ulilia kidogo ukaenda kucheza, nami nikadhani uongo umekwisha hapo. Haukuisha. Kila msimu alituma mbaazi na ndengu kwa mkono wa Mwende, nami nikakwambia nimenunua. Alituma salamu, nikazimeza. Nikaacha kukuita Kalondu, na nilipoulizwa na watu nilisema umelikataa mwenyewe. Ukakua ukijua kwamba baba yako alitupwa na watu wake. Shuleni walipokuita Mwarabu ulikuwa ukiwajibu kwamba Wakamba hawana huruma hata kwa maiti wao. Nilisikia hayo kwa mwalimu wako na nikaona aibu, lakini sikurekebisha.

Halafu ile siku ya soko. Huenda wewe umeisahau, ulikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tunachagua nyanya, akatokea, amepungua, ameshika fimbo. Hakunitazama mimi hata kidogo. Alikuona wewe na uso wake wote ukafunguka. "Kalondu!" alisema. "Kalondu, umekuwa mkubwa hivi!" Ukamtazama, ukanitazama mimi, ukasema kwa sauti safi kabisa ya kwetu Mombasa, "Mimi naitwa Rukia."

Akacheka kidogo, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda, akasema, "Haya, Rukia. Ni sawa." Akaenda zake kati ya watu.

Nitakwambia nilichohisi, maana kama sitakiandika barua hii haina kazi. Nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa kufunga kikapu. Niliona kwamba umenichagua mimi, kwamba sasa tuko wawili na yeye yuko peke yake. Tulipofika nyumbani nikashindwa kula, nikakwambia tumbo linauma. Tangu siku hiyo sijawahi kukaa peke yangu ndani ya nyumba hii bila kuisikia ile "Haya, Rukia".

Watu hudhani upweke wangu ni wa mjane, au wa mtu wa Pwani aliyebaki bara. Siwakatalii. Lakini mjane mwenye mkwe hawi peke yake kama nilivyokuwa. Kule Mwala kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyemlilia mtu yule yule niliyemlilia mimi, na tungeweza kukaa mkekani tukimtaja. Yeye angeniambia alivyokuwa mtoto, nami ningemwambia alivyokuwa mume. Miaka kumi na tatu nimekaa na nusu yangu, naye amekaa na nusu yake.

Sasa nifike kwenye la leo. Wiki jana alikuja mtu hapa dukani ukiwa unapanga vitabu vyako. Uliniuliza ni nani, nikasema ni mteja wa suruali. Alikuwa Mutua, baba yako mdogo. Alikuja kunieleza kwamba Susu wako haamki tena kitandani tangu mvua zilipokatika. Anakula uji tu. Anakuuliza. Hakuja kwa ugomvi, alisimama hapo na kofia mkononi kama anayeomba kazi. Nilimwuliza kitu ambacho sikuwahi kuthubutu kukiuliza, kwamba jioni ile, pale makaburini, walifanyaje. Akaniambia, "Tulirudi huko. Mama akaomba kwa yote matatu, ndio asikose yake."

Aliomba kwenye makaburi yote matatu. Wawili wale wengine walikuwa watu wa nani, sijui, lakini walililiwa na mama asiye wao kwa sababu yangu.

Nilimwahidi Mutua nitakwambia. Siku saba zimepita. Juzi, ukikunja nguo, ukasema unashukuru unakwenda mahali penye watu wako wa kweli, maana wa baba ni makafiri ambao hata hawakumzika. Ulisema bila hasira, kama mtu anayetaja jina la mtaa. Nikatoka nje nikajifanya naanua nguo. Nikaona nitakachompelekea Salim ni mtoto atakayekubaliana na kila neno atakalosema juu ya watu wa bara, na neno hilo litakuwa limetoka kwangu.

Sitakufundisha jinsi ya kuishi Mombasa. Mimi mwenyewe nimeishi mji mmoja kwa miaka zaidi ya ishirini na nimeukosea. Nasema tu kwamba huko utaogopa kupoteza kilicho chako, na hofu hiyo itakuja imevaa nguo za dini, au za kabila, au za heshima ya nyumba, na itakuwa na haraka sana. Siku hiyo ngoja hata mpaka alasiri. Dini yetu ilikuwa na nafasi ya kungoja. Mimi ndiye sikuwa nayo.

Nilifikiri kuiweka barua hii chini ya nguo zako uisome ukiwa kwa mjomba. Ungelia mbali, nami ningekuwa salama hapa, na huenda Susu angekwisha kufa kabla hujajibu. Hayo yangekuwa maziko ya pili ya adhuhuri. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukiingia, kabla sijakupakulia chakula, na nitakaa hapa hapa mbele yako ukiisoma. Uniulize unachotaka. Ukitaka kunipigia kelele, Mama Halima atasikia, na asikie.

Chuo hakifunguliwi mpaka Jumatatu, na leo ni Jumatano. Basi la Mombasa lipo kila siku. Gari la kwanza la Mwala linaondoka kesho saa kumi na mbili, na Mutua atakungoja pale steji. Nimempelekea habari kwa Mwende asubuhi hii, mapema. Ningependa tufuatane. Ukisema nibaki, nitabaki. Susu atakwambia habari zangu kama alivyoziona yeye, na zote zitakuwa kweli. Najua kwamba ukirudi kutoka huko unaweza usinitazame tena kama ulivyonitazama leo asubuhi ukinipa kikombe cha chai. Nimelifikiria hilo tangu adhuhuri mpaka sasa, na bado nakwambia nenda.

Nasikia mnaagana.

Mama yako,
Zuhura